Ujue Mwamba Kabla ya Kuukanyaga: Mwongozo kwa Wapandaji wa Iringa na Mbeya

Mwisho wa wiki vijana wa Iringa mjini hupanda Gangilonga kutazama jua likizama. Wenzao wa Mbeya huamka alfajiri kuelekea kilele cha Mlima Mbeya. Mabasi ya shule huingia Isimila, na wageni wanaopitia Tukuyu hukatisha safari Kiwira ili walione Daraja la Mungu. Wote husema wanakwenda kupanda mawe, huvaa raba zilezile na kubeba chupa ileile ndogo ya maji. Shida huanzia hapo, maana mawe hayo manne hayana undugu. Moja lilipoa taratibu chini sana ya ardhi kabla ya kufunuliwa. La pili si jiwe hata kidogo, ni mchanga na udongo uliotuama majini zamani za kale. La tatu lilibanwa na kupindwa kwa joto la chini ya ardhi, kisha likainuliwa kandokando ya Bonde la Ufa. La nne lilitiririka kutoka kwenye volkano likiwa moto. Kila moja lina namna yake ya kumwangusha mtu, na kila moja mtu huliharibu kwa namna tofauti. Anayejua amekanyaga nini hushuka salama, na huliacha jiwe jinsi alivyolikuta.

Gangilonga na majabali ya Iringa

Gangilonga limekaa juu ya mtaa wenye jina hilo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka katikati ya mji. Ukifika juu unauona mji wote wa Iringa na milima inayouzunguka. Simulizi za Wahehe zinasema jiwe hili lilikuwa likisema na watu, na kwamba chifu wao, Mtwa Mkwawa, alikuwa akija hapa kutafakari, na hapa ndipo alipopata habari za ujio wa Wajerumani. Ngome yake ya Kalenga, kilometa chache magharibi ya mji, ilitekwa tarehe 30 Oktoba 1894, na yeye akaendelea kupigana porini hadi alipojiua Julai 1898 badala ya kukamatwa. Kwa hiyo unapopanda Gangilonga umefika mahali penye wenyewe. Wazee wa mjini hawapendi kuona watu wakilewa juu yake, na nadhani wana haki.

Jabali hili, kama mengi yanayochomoza kwenye vilima vya Iringa, ni granaiti. Granaiti huzaliwa kilometa nyingi chini ya ardhi, ambako mwamba ulioyeyuka hupoa polepole sana ukigandamizwa na uzito wa yote yaliyo juu yake. Miaka mamilioni ya mvua na upepo inapouondoa mzigo huo, jabali hupumua. Hutanuka kidogo, na kutanuka huko huipasua ngozi yake katika matabaka yanayolala sambamba na uso wa jiwe, mfano wa maganda ya kitunguu. Jua la mchana na baridi ya usiku humalizia kazi. Ndiyo maana majabali ya Iringa yana migongo laini ya mviringo, na ndiyo maana chini yake pamerundikana mabamba yaliyokwisha kubanduka.

Kwa mpandaji, habari hiyo ina faida mbili. Ya kwanza, uso mkavu wa granaiti unakamata sana, kwa kuwa chembe zake ngumu zinaushika mpira wa soli. Mtelemko unaotisha kwa macho unapandika kwa miguu mitupu ya mtoto wa mtaani. Siri yake ni kuweka uzito wote juu ya nyayo. Anayeogopa hulala kifudifudi akilikumbatia jiwe, na akifanya hivyo miguu yake hupoteza uzito na kuanza kuteleza. Simama wima, kanyaga kwa unyayo mzima, piga hatua fupi. Wakati wa kushuka kunja magoti kidogo na uende upande upande, usikimbie.

Faida ya pili ni kujua wapi pasiaminike. Bamba lililoachana na jabali hutoa mlio mtupu ukiligonga kwa kisigino au kwa konzi. Lililoshikamana halitoi mlio wa namna hiyo. Kabla ya kuning'inia kwenye ukingo wowote au kusimama watano kwenye ncha moja ili mpigwe picha, gonga kwanza. Tahadhari pia na changarawe zilizomwagika juu ya jiwe laini, kwa sababu huviringika chini ya soli, na wengi wanaoteleza wakati wa kiangazi huangushwa nazo. Mvua ikinyesha mambo hubadilika kabisa. Madoa ya kijivu, meusi na ya machungwa unayoyaona juu ya jabali ni viumbe hai vinavyoota kwenye jiwe, na vikilowa huteleza kama sabuni. Jabali ulilolipanda kwa dakika 10 likiwa kavu unaweza kushindwa kulishuka baada ya manyunyu. Wingu likijikusanya, shuka kabla halijaamua.

Katika nyufa wanaishi pimbi. Utawajua kwa michirizi myeupe ya mkojo wao uliokauka kwenye kuta. Penye nyufa pia huenda pana nyuki, na hao ni hatari kubwa kuliko nyoka. Usirushe mawe ndani ya pango, usipige kelele mdomoni mwa ufa, usiwashe moto wala moshi karibu. Nyuki wakitoka, funika uso kwa nguo na ukimbie mbali bila kuwapiga mikono, hadi ndani ya gari au nyumba. Miiba iondoe mara moja kwa kuikwangua.

Moto una ubaya wa pili ambao wengi hawaujui. Wapasua kokoto hulichoma jabali makusudi ili lipasuke, kwa kuwa chembe za kwatzi ndani ya granaiti hutanuka kwa kasi tofauti na za jirani yake. Moto wa kuchomea mahindi ukiegemezwa kwenye jiwe hufanya kazi ileile kwa kiasi kidogo, na jiwe linaweza kurusha vipande usoni mwako. Pikeni nyumbani, mje na chakula kilichoiva.

Nalo suala la kuandika majina kwa rangi. Granaiti haina ngozi mpya ya kuota mwakani. Jina la mtu na la mchumba wake litakaa pale kuliko uchumba wenyewe, na kulifuta kunahitaji dawa au msasa unaoondoa na uso wa jiwe. Uchungu wake unaonekana wazi zaidi Igeleke, nje kidogo ya mji, ambako chini ya mwamba kuna michoro ya rangi nyekundu ya watu na wanyama iliyochorwa na wakazi wa kale. Michoro ya namna hii haiguswi. Mafuta ya vidole huila rangi, na maji yanayomwagwa ili ionekane vizuri kwenye picha huacha chumvi inayoifunika. Itazame kutoka hatua mbili, tatu, na upige picha bila mwanga wa kamera.

Mwenye gari na siku ya ziada asiache kufika Mlambalasi, takriban kilometa 50 magharibi ya Iringa. Kuna kaburi la Mkwawa, na juu yake upo mwamba wenye pango ambamo wanaakiolojia wamechimba mabaki ya watu wa Zama za Mawe. Fuvu la Mkwawa lenyewe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, liko katika makumbusho ya Kalenga. Kuziona Kalenga na Mlambalasi siku moja kunawezekana ukianza mapema.

Isimila, ambako nguzo si za mawe

Kutoka Iringa fuata barabara kuu ya Mbeya kwa takriban kilometa 20, utaona kibao cha Isimila. Daladala au basi linaloelekea Mafinga litakushusha njia panda, kisha utatembea au kuchukua bodaboda. Getini utalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Dai stakabadhi. Mwongozaji usimkwepe hata kama unaijua njia, kwani yeye ndiye anayejua ni ukingo upi umedhoofika tangu mvua zilizopita.

Watu wengi huja Isimila kwa ajili ya nguzo. Ukishuka korongoni unazikuta zimesimama zenyewe, ndefu kuliko nyumba ya ghorofa, nyekundu na za rangi ya mchanga, nyingine zimevaa kofia bapa juu. Kila mara naona mtu akijaribu kuparamia mojawapo, na kila mara moyo hunishtuka kwa ajili ya vyote viwili, mtu na nguzo.

Hizo si mawe. Zamani hapa palikuwa na dimbwi kubwa au ziwa dogo lisilo na kina, lililolishwa na vijito. Mchanga, tope na udongo wa mfinyanzi vilituama tabaka juu ya tabaka. Baadaye maji yakapata njia ya kutoka, na kijito cha Isimila kikaanza kukata kurudi chini kupitia matabaka yale yale. Penye tabaka gumu juu, udongo laini wa chini ulipata mwavuli, na mvua ikala pembeni tu. Ndivyo nguzo zilivyobaki zikiwa zimesimama huku udongo uliozizunguka ukiondoka. Bado zinaondoka. Kila masika hupunguza kidogo, na kofia ikianguka nguzo iliyo chini yake huyeyuka haraka.

Hebu fikiria basi kisigino kimoja kinachobonyeza begani mwa nguzo. Kinaacha tundu dogo. Mvua ya kwanza hutuama humo, ya pili hupata mfereji, ya tatu huupanua mfereji hadi kwenye mguu wa nguzo. Mtu aliyepanda kwa picha ya dakika moja amekwisha kurudi Dar es Salaam na kusahau, na maji yanaendelea na kazi aliyoyaanzishia. Kuchonga jina huku kunaua haraka kuliko kwenye granaiti. Na mwenye kuparamia anahatarisha mwili wake pia, kwa kuwa udongo mkavu hauna mahali pa kushika; unachokikamata hubaki mkononi.

Kwa hiyo Isimila inapitwa chini, kwenye sakafu ya korongo, kwa kufuata nyayo za mwongozaji. Usikae chini ya kofia iliyochomoza wala usiegemee ukuta. Katika miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, uliza kama korongo linapitika, na kumbuka kuwa maji yanaweza kushuka kutoka juu hata kama pale uliposimama jua linawaka. Saa za kwenda ni asubuhi hadi saa nne, au kuanzia saa tisa alasiri. Mchana kuta zinarudisha joto, kivuli hakipo, na hata picha hazitoki vizuri kwa kuwa mwanga wa utosini unaziua rangi. Tenga saa moja na nusu mpaka mbili.

Nguzo, pamoja na uzuri wake, si hazina kubwa ya mahali hapa. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini alizitambua zana za mawe zilizokuwa zimetapakaa korongoni, na mwaka 1957 na 1958 timu ya Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago ikachimba. Walikuta mashoka ya mkono na zana za kukatia kwa wingi wa kushangaza, mengine mazito kiasi cha kuhitaji mikono miwili, yakiwa yamelala pale watu wa kale walipoyaacha kando ya maji. Pamoja nayo kulikuwa na mifupa ya wanyama, ukiwemo mfupa wa kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, mwenye macho yaliyoinuka juu sana ya fuvu. Mifupa ilipopimwa kwa njia ya madini ya urani, matokeo yaliyotolewa mwaka 1972 yaliipa Isimila umri wa takriban miaka 260,000. Sehemu ya zana hizo utaziona ndani ya nyumba ndogo ya makumbusho getini, nyingine zimeachwa palepale chini ya paa.

Mvua inaponyesha zana mpya hujitokeza ukingoni. Ukiiona moja, mkono utakuwasha kuichukua. Iache. Shoka la mkono lililoko mfukoni mwako halimwambii mtafiti chochote zaidi ya kuwa ni shoka la mkono. Lile lililolala katika tabaka lake, jirani na mfupa fulani na kipande fulani cha kwatzi, linaeleza nani alikaa wapi na alikuwa akifanya nini. Piga picha, mwoneshe mwongozaji, endelea na safari. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuondoa vitu vya namna hiyo bila kibali, na walimu wanaoleta wanafunzi wangefanya vema kuisema sheria hiyo ndani ya basi kabla mlango haujafunguliwa. Mtoto aliyeambiwa sababu hulinda kuliko mlinzi.

Mlima Mbeya

Kuna imani iliyoenea kwamba Mlima Mbeya ni volkano, kwa sababu ya jirani zake Rungwe na Ngozi. Sivyo. Safu ya Mbeya ni mwamba wa kale sana, unaokaribia miaka bilioni mbili, uliopikwa kwa joto na mgandamizo mpaka madini yake yakajipanga katika mistari ya giza na nyeupe. Mipasuko ya Bonde la Ufa ikauinua ukawa ukuta. Ukitazama kwa karibu jiwe la kilele utaiona mistari hiyo, na utaona kwamba jiwe hupasukia humohumo, katika vipande vyenye kingo kali. Huku hakuna migongo laini ya Iringa. Kuna miinuko mikali iliyofunikwa nyasi, na mawe yaliyolegea juu yake.

Kilele cha Mbeya kinapita mita 2,800 kutoka usawa wa bahari. Ndugu yake Loleza, aliye juu kabisa ya jiji, ana mita 2,656. Njia fupi ya kilele huanzia upande wa Mbalizi na Utengule, kupitia eneo la shamba la kahawa la Lunji. Ni mwinuko unaokata pumzi lakini hauhitaji kamba, na mtu mwenye afya hufika juu kwa saa mbili hadi tatu. Njia ya mgongoni kutoka upande wa Loleza ni ndefu na ina panda shuka nyingi. Ihesabu kuwa ya siku nzima. Siku ya anga safi utaona tambarare za Usangu upande mmoja, bonde la Rukwa upande mwingine, na Rungwe kusini mashariki.

Nyasi ndizo zinazoangusha watu hapa. Msimu wa kiangazi hulala zikielekea bondeni, zikawa zimeng'ara, na soli isiyo na meno inateleza juu yake sawasawa na juu ya tope. Zinaficha pia mashimo na mawe. Vaa kiatu chenye meno kinachoshika kifundo, na beba fimbo ya kawaida inayokufikia kiunoni. Mkiwa kundi, pandeni kwa kukata mlima upande upande ili mmoja asiwe moja kwa moja chini ya mwenzake. Jiwe likiponyoka mguuni mwako paza sauti, "Jiwe!", hata kama ni dogo, hata kama unaona aibu. Wa chini wasitazame juu. Waegemee mlima na kufunika kichwa kwa mikoba.

Baridi huja kwa hesabu inayojulikana. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Jiji liko kwenye mita 1,700 hivi, kwa hiyo kileleni kuna upungufu wa nyuzi 7 hivi, na upepo juu yake. Juni na Julai alfajiri ya Mbeya tayari ni ya koti. Aliyepanda kwa fulana moja akatoa jasho, akaketi juu dakika 20 kupiga picha, ataanza kutetemeka kabla hajajua kwa nini. Beba sweta na koti la mvua hata jua likiwaka. Wanaotoka pwani walale Mbeya usiku mmoja kabla ya kupanda, na mwenye kuumwa kichwa sana au kutapika ashuke. Dawa ya kimo ni kushuka.

Ukungu nao una tabia ya kufunga ghafla. Ukifunga, simameni pamoja na msubiri. Usijaribu kuteremka kwa kufuata kijito ukidhani kitakufikisha kijijini, maana vijito vya safu hii huishia kwenye maporomoko. Agosti hadi Oktoba kuna moto wa nyasi. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko mtu, kwa hiyo usiukimbie kwa kuelekea juu. Pita pembeni, ukimbilie palipokwisha kuungua au kwenye jiwe tupu lisilo na majani.

Kwenye radi Nyanda za Juu Kusini hazina masihara. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilometa moja. Ikifika 30 au pungufu, toka mgongoni mwa mlima na juu ya majabali. Usijibanze chini ya mti uliosimama peke yake wala katika pango fupi, kwa kuwa umeme hutambaa kwenye uso wa jiwe na kuruka mdomoni mwa pango. Tawanyikeni, mchuchumae miguu ikiwa pamoja, na fimbo za chuma ziwekwe mbali.

Miezi ya kupanda ni Mei mwishoni hadi Oktoba. Novemba hadi Aprili mtu anaweza kupanda, ila awe ameanza saa kumi na mbili asubuhi na awe ameshuka kabla ya saa nane, saa ambazo mawingu hukusanyika.

Safu hii ni nchi ya Wasafwa, na baadhi ya misitu na mawe yake ni mahali pa matambiko. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji au ofisi ya mtendaji, toa shikamoo, sema mko wangapi na mnarudi saa ngapi, uliza kama kuna mahali pasipokanyagwa. Wengi watakupa kijana wa kukuongoza. Mlipe kwa makubaliano ya mapema. Mwenyekiti au mtendaji ndiye atakayeona mchana kwamba hamjarudi.

Kiwira na Rungwe

Daraja la Mungu ni daraja la asili la mwamba wa volkano juu ya Mto Kiwira, lililoachwa na lava iliyopoa huku maji yakiendelea kupita chini yake. Linapendeza na linafikika, na ndiyo sababu watu hulizembea. Lava ile iliyopoa hupakwa unyevu wa mto siku nzima, ikaota ukijani, na kingo zake hazina uzio wa kutegemewa. Watoto washikwe mkono muda wote. Hakuna kuogelea, wala hapa wala Kijungu, ambako mto mzima unajibana na kuzunguka ndani ya chungu cha mwamba kabla ya kutokea upande wa pili.

Rungwe yenyewe, yenye mita 2,961, ni safari ya siku nzima ndani ya hifadhi ya msitu wa asili, na inahitaji kibali na mwongozaji. Ndani yake anaishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu. Kuna tahadhari moja ya huku ambayo haipo Iringa. Chini ya ardhi ya Rungwe bado kuna joto, na gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka mahali pengi, kiasi kwamba kuna kiwanda kinachoivuna. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na haina harufu, hivyo hutuama mashimoni. Ukikuta kibonde chenye ndege au wadudu waliokufa bila jeraha, usishuke kuchunguza, na usimfuate mbwa aliyeingia.

Kabla ya kuondoka na ukipatwa

Maji ni lita mbili kwa mtu kwa nusu siku, zaidi kwa Isimila ya mchana. Karanga, ndizi na mihogo ya kuchemsha vinatosha kwa chakula. Tochi ibebwe hata kama mnarudi mchana, kwani giza letu huingia haraka na tochi ya simu hula chaji unayoihitaji kwa kupiga. Mtandao hukatika mabondeni na hurudi migongoni. Kwenye majabali ya kandokando ya mji usiende peke yako jioni. Wizi wa simu hutokea, na binti aliye peke yake asishawishiwe kubaki kwa ajili ya machweo.

Kupanda kuta kwa kamba ni fani inayofundishwa. Kamba ya katani au ya kufungia mizigo kwenye bodaboda haikamati mtu anayeanguka, hukatika au humvunja mgongo. Asiye na mwalimu, kofia ngumu na vifaa vyake aishie pale anapoweza kushuka kwa miguu yake mwenyewe. Jiulize swali hilo kila hatua ya kupanda, maana kushuka ni kugumu kuliko kupanda.

Nyoka aitwaye kifutu hupenda kuota jua njiani, na hahami akisikia mtu. Tazama unapokanyaga na unapoweka mkono. Aliyeumwa alazwe, kiungo kisitikiswe, pete na saa vivuliwe kabla ya uvimbe. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Jiwe jeusi linalobandikwa kwenye jeraha halivuti sumu, linakula muda. Abebwe hadi barabarani na apelekwe hospitali: Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, au ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa. Aliyeanguka akalalamika shingo au mgongo asiinuliwe mpaka apatikane ubao au mlango wa kumlazia na watu wanne wa kumhamisha kwa pamoja.

Namba ya polisi ni 112, ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Msitarajie helikopta, wa kwanza kufika watakuwa wanakijiji. Kwa hiyo mpigieni kwanza yule mwenyekiti au mtendaji mliyeacha kwake majina, kisha 114. Semeni mko njia ipi, mmepita alama gani ya mwisho, majeruhi ni wangapi, anazungumza au hazungumzi, na ni namba gani ya simu itakayobaki wazi. Mmoja abaki na mgonjwa, wawili washuke pamoja kupokea msaada barabarani.